Mali Bila Daftari: Viza, Ng'ombe Sita na Mpwa Wangu wa Mugumu



Ukisimama asubuhi katika lango la Ikoma, wilayani Serengeti, utayaona magari ya watalii yakiingia hifadhini moja baada ya jingine. Waliomo ni watu wa Ujerumani, Ufaransa, Marekani, Uingereza na kwingineko. Wengi wao waliomba viza ya Tanzania wakiwa wamekaa majumbani kwao mbele ya kompyuta, au waliilipia uwanja wa ndege walipotua. Ada ya kawaida ni dola 50. Mmarekani hulipa dola 100. Hakuna aliyewauliza wana mashamba mangapi kwao, wala ni jambo gani litakalowalazimisha kurudi. Sisi huwapokea kwa msemo wetu wa siku zote: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Si mbali na lango hilo, katika mji wa Mugumu, anaishi mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ni mwalimu wa sekondari. Wazazi wake wako Tarime, alikozaliwa na kukulia. Mchumba wake ni raia wa nchi moja ya Ulaya ambayo sitaitaja, kwa kuwa ninalotaka kulieleza halihusu ofisi moja wala afisa mmoja. Kijana huyo amekwisha kuja Mara mara tatu. Mara ya tatu alifika nyumbani kwa wazazi, akakaa na wazee chini ya mti, akajieleza kwa Kiswahili cha kujifunza, na posa ikapokewa. Wazee wakauliza swali ambalo mzee yeyote wa Kikurya angeliuliza: na wewe, wazazi wako ni akina nani, na wamemwona binti yetu?

Hawakuwa wamemwona. Baba wa kijana alikuwa mgonjwa, hawezi kusafiri. Ikaamuliwa kwamba binti aende, akae wiki tatu katika likizo ya Desemba, aonane na wakwe zake, kisha arudi shuleni kabla muhula haujaanza. Mwezi Oktoba aliomba viza ya kutembelea. Mwezi Novemba ombi likakataliwa.

Nimeamua kuyaandika haya kwa ruhusa yake, kwa sababu kila muhula huja ofisini kwangu mwanafunzi mmoja au wawili wakiwa na barua ya namna hiyo mkononi. Wengine walialikwa kwenye mkutano, wengine wanakwenda kwa mchumba, wengine kwa mume au mke. Wote huuliza swali moja: nimewakosea nini? Jibu langu la miaka yote lilikuwa la kisiasa, kwamba dunia haina usawa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikumsaidia mpwa wangu hata kidogo. Nilipoisoma barua yake mstari kwa mstari ndipo nilipoona jambo jingine, tena linalotuhusu sisi wenyewe.

Barua ilitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba chanzo cha fedha zilizomo katika akaunti yake hakieleweki. Ya pili, kwamba hakukuwa na uhakika wa kutosha kuwa angeondoka kabla viza yake haijakwisha muda.

Tuanze na fedha. Baba yake, yaani shemeji yangu, aliposikia kwamba ubalozi hutaka kuona akiba benki, alifanya jambo lililowashangaza majirani. Kwetu binti ndiye huleta ng'ombe nyumbani. Si kawaida ng'ombe watoke zizini kwa ajili ya safari yake. Mzee huyu alitoa madume sita, akayapeleka mnadani, akauza, na shilingi milioni 6 na laki 6 akaziweka zote kwa mkupuo mmoja katika akaunti ya mwanawe. Wiki mbili baadaye ombi likapelekwa.

Sasa mtazame afisa aliyelipokea faili hilo. Hamjui binti, hamjui mzee, wala hajapata kuliona zizi la Tarime. Anachokiona ni akaunti ya mwalimu ambayo mshahara huingia mwisho wa mwezi na kwisha katikati ya mwezi unaofuata. Halafu ghafla, siku chache kabla ya ombi, zinaingia fedha zinazozidi mishahara ya miezi kadhaa, bila karatasi yoyote ya kuzieleza. Maafisa wa viza wa karibu nchi zote wamefundishwa kulitilia shaka jambo hilohilo, maana ndiyo mbinu ya waombaji wanaokopeshwa fedha za kuonyesha ili wazirudishe baadaye. Hivyo sadaka ya mzee, iliyokuwa ya kweli kuliko kitu chochote kilichokuwamo katika faili lile, ndiyo iliyoliangusha.

Tulipomweleza shemeji, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Wanasema ng'ombe wangu ni wa wizi?"

Msomaji anayeijua historia ya wizi wa mifugo katika wilaya zetu ataelewa uzito wa swali hilo. Kumwambia mzee wa Tarime kwamba chanzo cha mali yake hakieleweki ni kumtukana mbele ya wanawe. Barua haikukusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyosomeka nyumbani kwetu.

Sababu ya pili ilituuma zaidi. Binti ana ajira ya kudumu, ana wazazi, ana ukoo, ana kiwanja alichokinunua Mugumu, na ana shamba la baba ambalo mipaka yake inajulikana na kijiji kizima. Anawezaje kukosa sababu ya kurudi? Lakini nilipolifungua faili lake nikaona kilichokuwamo: barua ya mwajiri yenye mistari miwili tu, isiyotaja mshahara wala tarehe ya kurejea kazini, taarifa ya benki, barua ya mwaliko, na nakala ya pasipoti. Kiwanja hakikuwamo. Shamba halikuwamo. Wazee waliokaa chini ya mti hawakuwamo. Yote yaliyomfunga na nchi hii yalikuwa vichwani mwa watu, na kichwa cha mtu hakiambatishwi kwenye fomu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa wafanyabiashara. Mimi nadhani inatuhusu sisi sote, na hasa ofisi zetu za umma.

Kabla sijafika huko, ni vema msomaji ajue sheria za wenzetu zinasemaje, maana wengi huanza safari hii gizani. Kanuni moja inapatikana karibu kila mahali: mzigo wa uthibitisho ni wa mwombaji. Marekani wameiandika waziwazi. Kifungu cha 214(b) cha Sheria yao ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 kinamtaka afisa amchukulie mwombaji wa viza ya kutembelea kuwa ni mtu anayekusudia kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. Hakuna rufaa dhidi ya uamuzi huo. Kuna kuomba upya na kulipa tena.

Uingereza ilikuwa na utaratibu wa huruma zaidi. Aliyenyimwa viza ya kutembelea ndugu wa familia aliweza kukata rufaa mbele ya jaji. Haki hiyo iliondolewa tarehe 25 Juni 2013. Tangu hapo aliyekataliwa huomba upya, au huenda mahakamani kwa njia ndefu na ya gharama ya kupinga uhalali wa uamuzi wenyewe.

Nchi za eneo la Schengen zinaongozwa na Kanuni ya Viza ya mwaka 2009. Kanuni hiyo inawalazimu kumpa mwombaji sababu za kukataliwa katika fomu maalumu, na inampa haki ya rufaa kwa mujibu wa sheria za nchi iliyotoa uamuzi. Ada ya mtu mzima, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, hairudishwi hata ukikataliwa. Ongeza nauli ya kutoka Mara mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, pamoja na malazi na chakula. Kwa mwalimu wa Mugumu, kukataliwa mara moja ni mshahara mzima umeteketea.

Tulipokuwa tukitafakari, wakatokea watu wa njia ya mkato. Kishoka mmoja alituma ujumbe kupitia binamu zake: kwa laki nane angetengeneza taarifa ya benki yenye milioni 20 na hati ya nyumba yenye jina la binti, mihuri yote ikiwamo. Vijana wa ukoo waliunga mkono. Hoja yao ilikuwa kwamba tumesema kweli tukaonekana waongo, basi kuna hasara gani tukisema uongo?

Hasara ipo, tena kubwa. Uingereza humfungia mlango kwa miaka 10 aliyetumia nyaraka za kughushi katika ombi lake. Sheria ya Marekani humwekea kizuizi kisicho na ukomo aliyetafuta viza kwa udanganyifu katika jambo la msingi. Nchi za Schengen zina kanzi ya pamoja ya taarifa za viza, na kumbukumbu za ombi huweza kukaa humo miaka mitano. Aliyekataliwa kwa upungufu wa ushahidi bado ana jina lake safi na anaweza kurudi. Aliyeghushi amekata tawi alilolikalia. Niliwaambia vijana maneno hayo, na nikaongeza kwamba mzee aliyeuza madume sita kwa haki hastahili kuwekewa hati ya nyumba isiyokuwapo.

Tulikuwa na njia mbili za halali: kukata rufaa au kuomba upya. Rufaa ingepima zaidi kama afisa alikosea kwa kuzitazama karatasi zilezile, na kwa karatasi zile, nakiri, hakuwa amekosea sana. Tukachagua kuomba upya, tukaichukua barua ya kukataliwa kama mwalimu anavyomrudishia mwanafunzi karatasi yenye masahihisho. Kila sababu ipate jibu lake, na kila jibu lipate karatasi yake.

Kwa upande wa kazi, binti alirudi kwa mwajiri kuomba barua kamili: cheo, tarehe ya kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, mshahara, siku za likizo zilizoidhinishwa na tarehe anayotakiwa kurejea darasani. Akaambatisha kibali cha kusafiri nje ya nchi, ambacho mtumishi wa umma hana budi kuwa nacho. Karatasi mbili hizo peke yake zinaeleza sababu ya kurudi kuliko kurasa kumi za viapo.

Kwa upande wa ng'ombe, tulianza msako. Shemeji alikuwa amezihifadhi stakabadhi za ushuru wa mnada katika mfuko wa koti. Tatu zilisomeka. Nyingine tatu, zilizochapwa kwa mashine ya kielektroniki, wino ulikuwa umefifia ukabaki weupe mtupu. Ilibidi twende halmashauri kuomba uthibitisho kutoka katika kumbukumbu zao za mapato. Afisa tuliyemkuta alikuwa mwungwana, akatusaidia, lakini alikiri kwamba hajawahi kuombwa karatasi ya namna hiyo. Mtendaji wa kijiji aliandika barua kuthibitisha kwamba mzee ni mfugaji na kwamba alimpa ruhusa ya kuwatoa ng'ombe wale. Barua hizo zote, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiswahili, zilihitaji kutafsiriwa, na tafsiri nayo ina gharama yake.

Kwa upande wa ardhi, mkataba wa mauziano ya kiwanja cha Mugumu ulipatikana, una mashahidi na mhuri. Shamba la baba lilitushinda. Hakuna hati. Familia imelilima kwa vizazi vitatu na hakuna mtu kijijini anayelibishania, lakini serikali ya nchi yake haijampa mzee karatasi inayosema kwamba shamba ni lake.

Mwisho, kwa upande wa uchumba, tuliweka nakala za mihuri ya pasipoti ya kijana kwa safari zake tatu, barua ya kila mmoja wao, na muhtasari wa kikao cha posa uliotiwa saini na wazee wa ukoo. Mtu anaweza kudhani kuwa muhtasari huo ni mapambo tu. Sivyo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaiheshimu ahadi ya ndoa kiasi cha kumruhusu aliyevunjiwa ahadi hiyo kudai fidia mahakamani. Ikiwa mahakama zetu huupa uchumba uzito huo, hakuna aibu kuuwekea kumbukumbu.

Juu ya yote tuliweka ukurasa mmoja wa maelezo. Haukulalamika wala haukuomba huruma. Ulisema: niliomba mwezi Oktoba, nikakataliwa kwa sababu mbili, sababu ya kwanza naijibu kwa kiambatisho hiki, ya pili kwa viambatisho hivi. Kuificha barua ya kwanza kungekuwa kosa kubwa kuliko yote, maana fomu huuliza, na wao wana kumbukumbu.

Kazi yote hiyo ilichukua miezi mitano. Baba wa kijana alifariki dunia mwezi Machi. Viza ilitoka mwezi Mei. Mpwa wangu alisafiri likizo ya Juni, akapelekwa makaburini kuonyeshwa alipolala mkwe wake, akakaa na mama mkwe wiki tatu kama ilivyopangwa tangu mwanzo, akarudi. Alifika Mugumu siku ya Jumamosi, na shule zilipofunguliwa Jumatatu alikuwa darasani. Kila neno alilolisema katika ombi la kwanza lilikuwa kweli. Kilichobadilika kati ya Novemba na Mei ni karatasi tu.

Hapa ndipo ninapowageukia wasomaji wangu ambao ni watumishi wa umma, na wanafunzi watakaokuwa watumishi kesho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema jambo kubwa: hakimiliki ya kimila ina hadhi na nguvu sawa kwa kila hali na hakimiliki inayotolewa na serikali kuu. Kwa maneno mengine, shamba la mzee wa Tarime si duni kuliko kiwanja cha Masaki. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na usawa huo kwa watu wengi bado uko katika kitabu cha sheria. Hati ya kimila haiwezi kutolewa kabla kijiji hakijapimwa na kupata cheti chake. Upimaji unahitaji bajeti, na bajeti ina wakubwa wengi wanaoigombania.

Kuhusu mifugo, tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Ng'ombe wanavalishwa hereni zenye namba. Basi iweje stakabadhi ya kumwuza ng'ombe mwenye namba isitaje namba hiyo wala jina la muuzaji, na wino wake ufifie kabla ya masika kwisha? Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Tujiulize ni wangapi kati ya wazazi wetu wana cheti. Na kuhusu barua za watendaji wa vijiji na za waajiri, kila mmoja huandika anavyojua: mwingine mistari miwili, mwingine kurasa mbili za pongezi zisizo na tarehe hata moja. Kiolezo kimoja kutoka halmashauri kingemaliza tatizo hilo kwa gharama ya karatasi ya kuchapia.

Nimekwisha kuzisikia pingamizi mbili.

Ya kwanza inasema kwamba viza ni shida ya wachache wenye wachumba wa Kizungu, na kijiji kina matatizo makubwa zaidi. Nawaalika wanaosema hivyo waende Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, ambako migogoro ya fidia ya ardhi imedumu kwa miaka mingi. Waulize wajane wanaogombania mirathi. Waulize vijana walionyimwa mkopo benki kwa kukosa dhamana ilhali baba zao wana ng'ombe hamsini. Wote watakutana na swali lilelile aliloulizwa mpwa wangu: karatasi iko wapi? Mtalii na mwekezaji huja kwetu na makaratasi yake yamekamilika. Sisi hukutana nao tukiwa na mashahidi wa mdomo, na tunashindwa hata pale haki inapokuwa upande wetu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaharakati ndio hulileta. Wanasema kwamba kukusanya karatasi hizi zote ni kukubali dhuluma; kwamba badala ya kumridhisha mwenye mlango tuupinge mlango wenyewe. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Si haki kwamba kijana wa Ulaya aingie kwetu kwa dola 50 na kubofya mara chache, ilhali binti wa Mugumu athibitishe maisha yake yote. Ni wajibu wa wanadiplomasia wetu kulisema jambo hilo mezani, hasa kuhusu rufaa, ada zisizorudishwa na umbali wa kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Lakini mapambano hayo ni ya miaka mingi, na mgonjwa aliyekuwa kitandani hakuwa na miaka mingi. Mwenye kudai haki akiwa na daftari lake mkononi haipunguzi hoja yake ya kisiasa, bali huiongezea nguvu, maana mpinzani hana tena pa kujificha.

Isitoshe, kabla hatujawanyooshea wenzetu kidole, tujitazame. Mpwa wangu na mchumba wake wanafikiria kuishi Mugumu. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia mahususi ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia hiyo; yeye hufuata mlango wa kawaida wa wageni wote, wenye miaka mingi ya ukaazi. Yaani kaka yake binti huyu akioa mgeni, sheria inamtambua kama mwenye nyumba. Yeye akiolewa na mgeni, sheria inamwona kama aliyeondoka nyumbani. Dola inayomtilia shaka binti wa Mara kwa sababu ya mwanamume anayempenda haiko Ulaya peke yake.

Nasema "kaka yake" kwa makusudi. Kaka yake mkubwa ameoa Isebania, upande wa pili wa Sirari. Mstari unaowatenganisha Wakurya wa Tanzania na wa Kenya ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ambayo hakuna mzee wa Kikurya aliyeulizwa. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi mwanachama huweza kupewa ruhusa ya kuingia na kukaa hadi miezi sita bila ada ya viza. Wakwe wa huko huja msibani na arusini, hugongewa muhuri, hula, hulala na kurudi kwao. Hakuna afisa anayewauliza watarudi kwa sababu gani. Hilo linatuonyesha kwamba ugumu wa mpaka si sheria ya maumbile. Watu walikaa mezani wakaamua kuaminiana, na imani hiyo ikaandikwa.

Kwa mwanafunzi au ndugu mwenye barua ya kukataliwa mkononi, ushauri wangu ni mfupi. Usiichane. Isome mara tatu. Tenganisha sababu moja na nyingine, na ujiulize ni karatasi gani ingeijibu kila moja. Fedha ziingie katika akaunti mapema na kwa mwendo unaoelezeka. Zikiingia kwa mkupuo, zifuatane na stakabadhi zake. Kumbuka kuwa mwenyeji wako anaweza kukulipia safari, lakini hawezi kurudi nyumbani kwa niaba yako, kwa hiyo sababu ya kurudi ni lazima itoke kwako. Taja kukataliwa kwa awali bila kuficha. Usiombe tena kesho yake kwa karatasi zilezile. Na kishoka akija, mwonyeshe njia aliyojia.

Kwa mtumishi wa umma aliye katika ofisi ya kijiji, ya kata au ya halmashauri, ninaomba jambo dogo. Siku atakapokuja mzee na koti lake kuukuu kuomba barua isiyo ya kawaida, usimwambie arudi kesho. Hujui ni nani anayemsubiri upande wa pili wa barua hiyo, wala amebakiwa na siku ngapi.

Nilipokwenda Tarime mwezi uliopita, shemeji alinionyesha kaunta buku aliyoinunua. Ameipiga mistari kwa rula. Kila ng'ombe ana ukurasa wake: siku aliyozaliwa au kununuliwa, namba ya hereni, chanjo, na aliyeuziwa. Stakabadhi za mashine huzitoa nakala siku hiyohiyo kabla wino haujafifia. Ukurasa wa mwisho umeandikwa "Shamba", na chini yake hakuna kitu. Aliniambia anasubiri kijiji kipimwe.